Mbio za Gubbio hazina mshindi

Kila Mei 15, mji mdogo wa Gubbio, Italia, humwadhimisha mtakatifu msimamizi wake, Ubaldo, askofu aliyefariki mwaka 1160. Wanaume hubeba mabegani minara mitatu ya mbao na kukimbia nayo mpaka basilika iliyo juu ya Mlima Ingino. Wanaotazama picha huuliza: nani kashinda?

Hakuna. Kila mnara una jina la mtakatifu wake, na mpangilio haubadiliki: Ubaldo mbele, Joji katikati, Antoni Abati nyuma. Kupitana ni mwiko, na hata vichochoro vyenyewe haviruhusu. Sifa iko kwingine: mnara usianguke, usiyumbe hovyo, na wabebaji wapokezane bila kusimama, ilhali mzigo unakaribia kilo 300. Ushindani kidogo upo, tena wa utani. Kundi la Ubaldo likifika juu hujaribu kufunga lango la basilika kabla kundi la Joji halijaingia. Masikini Antoni, yeye hayumo kabisa katika ugomvi huo!

Jina nalo hupotosha. Minara hiyo huitwa Ceri, yaani mishumaa, lakini hakuna kinachowashwa. Asubuhi inaposimamishwa humwagiwa maji, kisha mtungi wa maji hayo hurushwa, na watu hugombania vigae vyake wakitafuta bahati.