Punda Akigoma, Angalia Kwanza

Punda wa Lamu aliyebebeshwa saruji, akifika kwenye mtaro kichochoroni, husimama. Masikio yameelekea mbele, shingo imekaza, kwato hazinyanyuki. Mwenye punda anaona ukaidi, na fimbo inafuata. Kumbe mnyama anapima: hajui kina cha yale maji, na mzigo mgongoni haumruhusu kukosea. Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama akachunguza kwanza. Ukimchapa wakati huo anajifunza jambo moja tu, kwamba mtaroni kuna maumivu. Kesho atagoma hatua kumi kabla ya kuufikia.

Mpe nusu dakika, hata dakika nzima. Mwachie kamba ainamishe kichwa anuse. Kisha ikaze polepole, bila kuivuta ghafla, na mara tu anyanyuapo mguu kuelekea mbele, ilegeze. Kinachomfundisha ni kule kulegeza. Ukichelewa sekunde mbili tatu, keshafanya jingine na hajui amepata nafuu kwa lipi. Akitangulia punda mzoefu, mwoga hufuata kwa urahisi. Mzoeze bila mzigo, dakika 10 hadi 15, umalize akiwa amefanya vizuri.

Akigoma hata njia anayoijua, shuku mgongo. Kabla ya kuweka shogi, yaani mfuko wa pande mbili wa kubebea mizigo, pitisha kiganja kando ya uti wa mgongo, kutoka mabegani hadi kiunoni, ukibonyeza kidogo. Akididimiza mgongo, akigeuza kichwa ghafla au ngozi ikitetemeka, hapo panauma, na leo hapakiwi. Vidonda vingi hutokana na matandiko yanayoukalia uti wenyewe. Gunia la kutandika lijazwe pande mbili, katikati pabaki mfereji. Punda wa kilo 150 akibeba mfuko mmoja wa saruji, kilo 50, amekwisha kubeba theluthi ya uzito wake. Wa pili ni dhuluma.

Tunasema asante ya punda ni mateke, na methali hiyo imemponza. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele tu ya pua. Anayemjia kimya kwa nyuma, kwake ni fisi. Mwendee kwa upande wa bega huku ukimsemesha, gusa bega, kisha telezesha mkono mpaka kiunoni bila kuuondoa. Hapo ndipo ushike mguu wa nyuma.

Maumivu punda huyaficha sana. Dalili ni ndogo: masikio yaliyolegea pembeni, kujitenga na wenzake, kutafuna bila kumeza. Weka vidole chini ya taya, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Aliyetulia huwa na 36 hadi 52 kwa dakika. Asipokula siku nzima ita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu mafuta ya mwili huanza kumiminika katika damu na ini likazidiwa. Wanene na wenye mimba ndio walio hatarini zaidi.

Huzuni pia humfanya asile. Punda huwa na mwenzi wake, hivyo mmoja akipelekwa kutibiwa, mpeleke na mwenzake. Mmoja akifa ghafla huku damu ikitoka puani au sehemu ya haja, huenda ni kimeta, ugonjwa hatari unaoambukiza hata watu: usiguse mzoga, usiupasue, waondoe wanyama wengine, mwite daktari. Kwa kifo kingine usiharakishe kuzika. Mwache aliyebaki amkaribie, amnuse, asimame hapo mpaka aondoke mwenyewe. Asiyepewa nafasi hiyo huweza kuzunguka siku kadhaa akilia na kumtafuta, majani yake hajayagusa.