Mbona ndege hii haina jina?

Kazi yangu ni kupokea na kuaga ndege pale Kiembesamaki, uwanja wa ndege wa Zanzibar. Siku moja mama mkubwa wangu alikuwa na safari ya Chake Chake. Ameshapimwa uzito yeye na pakacha lake, tumefika kwenye ngazi ya Caravan, ile ndogo ya injini moja, nyeupe pepe kama kanzu ya Idi. Akagoma. "Mwanangu, mbona chombo hiki hakina jina? Hata ngalawa ya marehemu babu yako ilikuwa nalo."

Suali hili naulizwa na wengi.

Jina kubwa la ubavuni ni la mfanyabiashara tu. Ndege yenyewe hujulikana kwa herufi zake za usajili, ambazo kwa kawaida huandikwa upande wa mkiani. 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, A4O Oman. Zamani za ukoloni Zanzibar tulikuwa na alama yetu, VP-Z. Kenya ilikuwa VP-K. Shirika likifa au likibadili jina, rangi hukwanguliwa, lakini ndege huweza kubaki na herufi zilezile madhali haijahama nchi.

Na weupe je? Mashirika mengi hurusha ndege za kukodi. Wapo wanaokodi ndege tupu wakaipamba watakavyo, na wapo wanaoichukua pamoja na marubani na wahudumu wake kwa msimu mmoja. Huyu wa msimu hana haja ya kupaka. Rangi ni ghali, ndege hulala karakana siku kadhaa bila kuingiza hata senti, na kwenye ndege kubwa rangi peke yake huongeza mamia ya kilo. Nyeupe humfaa mpangaji yeyote ajaye, tena hainyonyi joto la jua kama rangi za kiza. Jua letu la Januari mnalijua. American Airlines wao waliliacha bati liking'ara bila rangi miaka na miaka, mpaka 2013.

Mimi raha yangu ni mikia. Ndiyo inayoonekana kwanza, hata ndege ikiwa imejificha nyuma ya jengo. Twiga wa Air Tanzania namjua kwa mbali. Shirika hilo na Kenya Airways yote ni ya 1977, yalizaliwa East African Airways ilipovunjika. Korongo wa Lufthansa alichorwa na Otto Firle 1918, miaka minane kabla ya Lufthansa yenyewe kuanzishwa. Alama imemtangulia mwenyewe!

Kwenye redio mambo ni mengine kabisa. British Airways hawajiiti British Airways, hujiita Speedbird, jina la nembo ya 1932 ya Imperial Airways, shirika la zamani la Uingereza. South African hujiita Springbok, yaani swala. Mgeni akisikiliza atadhani tunaongoza mbuga ya wanyama.

Majina ya kama ngalawa ya babu nayo yapo. Mwaka 2021 Air Tanzania walileta Airbus A220 mbili, moja wakaiita Zanzibar, ya pili Tanzanite.

Yote haya sikumweleza mama mkubwa, foleni ilikuwa ndefu. Nilimwonyesha herufi kule nyuma, nikamtajia na VP-Z ya zamani. Akazitazama kitambo.

"Sasa hiyo Z yetu mmeipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akapiga bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akapanda.