Nani kasema abaya lazima iwe nyeusi?

Mteja ananiwekea mezani kitambaa cheusi cha polyesta, chepesi kama karatasi, na kuniambia: "Mama fundi, nishonee ya kisheria. Vitenge ni vya harusi." Maneno hayo nimeyachoka, na nayasikia zaidi kwa mabinti ambao bibi zao waliswali na kitenge maisha yao yote.

Aya ya 31 ya Suratun-Nur inawaamuru wanawake waangushe shungi zao mpaka vifuani. Aya ya 59 ya Suratul-Ahzab inataja jilbabu, yaani vazi pana la juu. Rangi haikutajwa popote humo. Katika Sahihi Bukhari, mwanamke aliyeachwa na Rifaa alipokwenda kwa Bibi Aisha alikuwa amevaa shungi la kijani. Wanazuoni wanachosisitiza ni nguo isitiri, isibane, isionyeshe.

Basi tukipime hicho cheusi. Kikabilishe na dirisha mchana, uweke mkono nyuma yake. Vidole vikionekana, na miguu itaonekana ukisimama mlangoni. Halafu subiri kiangazi cha hapa Lubumbashi: Juni na Julai hewa ni kavu, polyesta inajaa umeme na kunasa mapajani kila hatua, umbo lote linachoreka. Kitenge cha pamba kilichokatwa kwa upana hakinasi hivyo, na kipande cha yadi 6 kinatosha gauni refu la mikono mirefu. Nyeusi ukiipenda, nunua krepu nzito, uvae na shimizi ya pamba ndani. Ila usimwambie mtu kwamba vazi la bibi yake lilikuwa na kasoro ya dini.

Wengine wanadhani nguo ikiburura ndiyo staha zaidi. Pindo linaloburura likinaswa na gurudumu la pikipiki litakuangusha. Nikushonee liishie kwenye kifundo cha mguu, uvae na suruali pana ndani, umwambie motari asubiri ukusanye nguo kwanza.

Nikabu, kile kitambaa cha kufunika uso, kwenye ihramu ya hija au umra? Hadithi inamkataza mwanamke aliyehirimia kuvaa nikabu na glovu. Imeisha.

Na hijabu haimalizi nywele. Zinazomalizwa ni zile za kwenye paji, kwa kufunga fundo kali kila siku na kuvaa kofia ya ndani yenye mpira unaobana. Legeza fundo, kausha nywele kabla ya kujifunga, na hiyo kofia niletee niitoe mpira, niitie bitana ya satini.