Kemshafti kubwa haiongezi nguvu kila mahali

Wenye pikipiki za injini ya V ya silinda mbili wengi huamini kwamba kemshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu za injini) inayoinua valvu juu zaidi na kuiacha wazi muda mrefu huongeza nguvu kila mahali. Kilele cha nguvu huongezeka kweli, ila karibu na kikomo cha mizunguko ya injini, ambako pikipiki ya safari hufika kwa nadra.

Kinachoamua zaidi ni wakati valvu ya kuingiza inapofunga. Ikichelewa, kwenye mizunguko midogo pistoni inayopanda hurudisha nje sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Mgandamizo hushuka na pikipiki huwa nzito kuondoka. Soma karatasi ya vipimo vya kemshafti: valvu ikifunga nyuzi 30 hadi 38 hivi za mzunguko wa krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) baada ya pistoni kufika chini kabisa, torki (nguvu ya kuzungusha) huja mapema, kwenye mizunguko midogo. Ikipita 45, kwa kawaida injini hudai uwiano wa mgandamizo wa 10:1 au zaidi, yaani mchanganyiko ubanwe hadi sehemu ya kumi ya ujazo wake au chini ya hapo. Kwenye grafu ya torki, tazama kwanza mizunguko 2,500 hadi 3,500 kwa dakika.

Mwinuko mkubwa nao una gharama: springi za valvu za kiwandani zinaweza kubanana kabisa, pushirodi (fito zinazosukuma valvu) zikapinda. Valvu pia inaweza kugonga pistoni, kwa hiyo pima nafasi kati yake. Bandika udongo wa kufinyangia juu ya pistoni, funga hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu) na gasketi yake, zungusha krenkshafti kwa mkono mara 2 kamili. Ikikwama, usilazimishe. Fungua, kata udongo, pima palipo pembamba zaidi. Ikiwa ni chini ya milimita 2 upande wa kuingiza, au 2.5 upande wa kutolea moshi, usiwashe injini.