Vidonge vya shaba havileti rangi, jamani

Hii ya vidonge vya shaba imenichosha kweli. Mzazi anakuja na mtoto mwenye ualbino na kichupa mkononi, "daktari si mmesema hiyo enzaimu inatumia shaba, basi nikimpa nyingi rangi si itatoka?" Hesabu yake naielewa ila haiendi hivyo. Ni kweli tirosinesi, enzaimu inayoanzisha utengenezaji wa melanini, yaani rangi ya ngozi, nywele na macho, inashika atomu 2 za shaba na bila hizo haifanyi kitu. Lakini mtoto wa OCA1, aina ya ualbino inayotokana na enzaimu hiyo, shaba anayo ya kutosha, kilichoharibika ni jeni ya TYR kwenye kromosomu ya 11, nakala zote mbili, ya baba na ya mama, kwa hiyo enzaimu ama haitengenezwi kabisa ama inatoka imekunjwa vibaya na seli inaivunja kabla haijafika kwenye melanosomu, vifuko vya ndani ya seli ambamo rangi hutengenezwa. Kuongeza shaba hapo ni kujaza maji kwenye pakacha. Wabishi wananitajia Menkes, ugonjwa mwingine wa kurithi, ambako kweli shaba inapungua na nywele zinapauka, sawa, ila huo ni wa jeni nyingine, ATP7A, inayosafirisha shaba, na nywele ndo shida yao ndogo kuliko zote. Shaba ikizidi inaleta kichefuchefu na kutapika, ikiendelea inaumiza ini. Hiyo hela nunua kofia pana na losheni ya jua, SPF (kipimo cha kinga) 30 kwenda juu, nitasema mpaka mnichoke.

Na maneno mengine ninayoyasikia kila siku ni haya.

"Hana seli za rangi." Anazo, na idadi ni ya kawaida tu. Wanaozipoteza ni wenye vitiligo, ugonjwa wa mabaka meupe.

"Mama alichepuka." Upuuzi. Wazazi wote wawili wamebeba hiyo jeni bila kujua, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4.

"Wazazi wote wakiwa na ualbino basi watoto wote watakuwa nao." Hapa hata wataalamu wanateleza. Mmoja akiwa na shida ya TYR na mwenzake ya OCA2, jeni nyingine ya ualbino iliyoko kromosomu ya 15, watoto kwa kawaida wanatoka na rangi yao, maana kila mzazi anampa nakala nzima ya ile iliyoharibika kwa mwenzie.

"Miwani itamaliza tatizo la macho." Inasaidia, haimalizi. Fovea, sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu kwa undani, haikukua vizuri na nyuzi za neva za macho zilivuka upande usio wake tangu tumboni, kwa hiyo mtoto akishindwa kusoma ubaoni na miwani anayo, msimwite mvivu, mkalisheni mbele.