Nikipiga skrinshoti ya stetasi ya mwanangu, ataona?

Hili swali naulizwa kila kikao cha wazazi ninachoalikwa, na haliulizwi mbele za watu, linakuja mwishoni kabisa watu wakiwa wanagawiwa soda, mama mmoja anakuvuta pembeni anashusha sauti, "samahani mwanangu, eti nikiipiga skrinshoti stetasi ya binti yangu, ataniona?" Mimi kazi yangu ni kutengeneza apu za Android kwa hiyo jibu la haraka ninalo. Stetasi ya WhatsApp haoni. Stori ya Instagram haoni, ingawa 2018 walijaribu kuwaambia watu halafu miezi michache baadae wakaacha. Snapchat anaona, tena anaona jina lako kabisa. Mama anashukuru anaenda zake na amani, mimi nabaki najua kabisa nimejibu swali ambalo sio lenyewe.

Snapchat ndio walioleta mchezo wote huu, 2011 huko Marekani, vijana wa Stanford, wazo lao picha ikishaonwa inapotea. 2013 wakaleta stori za masaa 24, Instagram wakaiga 2016, WhatsApp nao mwanzoni mwa 2017 wakaleta stetasi za picha na hapo ndo tukaingia wote mpaka bibi kijijini. Sasa kitu kikiwa kinapotea watu wanataka kukidaka, ndio maana Snapchat wakaweka kengele, ukidaka tu mwenyewe anaambiwa.

Ila hebu sikia hiyo kengele inavyofanya kazi. Kwenye iPhone, kuanzia iOS 7, mfumo wa simu za Apple wa 2013, simu inaiambia apu kwamba skrinshoti imeshapigwa. IMESHAPIGWA. Picha iko kwenye galari ya mtu tayari. Sisi wa Android hata hicho hatukupewa mpaka Android 14 ya 2023, kabla ya hapo apu ilikuwa inachungulia folda ya skrinshoti kuona kama kuna faili jipya limeingia, yaani uchunguzi wa kuvizia hivyo hivyo. Ni sawa na mlinzi anakupigia simu usiku, "bosi, TV wameshaondoka nayo." Asante kwa taarifa.

Na hata hiyo taarifa sio ya uhakika. 2014 tume ya Marekani inayosimamia haki za wateja, FTC, iliwabana Snapchat kwa sababu walikuwa wanaahidi mtumaji atajua akipigwa skrinshoti, kumbe mwenye kifaa cha Apple chenye mfumo wa kabla ya iOS 7 alikuwa anaikwepa kirahisi tu, na kulikuwa na apu za pembeni zinasevu kila kitu kimya kimya. Wakawekwa chini ya uangalizi wa miaka 20.

Kuzuia kabisa ni kitu kingine. Ukijaribu kupiga skrinshoti apu nyingi za benki unapata weusi au inakataa, hapo mtengenezaji ameufunga ule ukurasa. WhatsApp wakafanya hivyo 2022 kwa picha za kutazama mara moja, na Instagram 2024 wakatangaza kufanya kama hivyo kwa zile za inboksi. Nzuri sana, mpaka mtu achukue simu ya pili apige picha ya simu ya kwanza. Hapo sisi mafundi tunanyoosha mikono.

Sasa nirudi nyumbani kwetu. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, aliweka stetasi yuko ufukweni na kaka mmoja kamshika bega, basi, hakuna kingine. Ukoo mzima alikuwa ameshatuficha, si unajua ile ya kuonyesha wote isipokuwa fulani na fulani, ila akasahau shangazi ana laini mbili. Shangazi akaipiga skrinshoti akaitupa kwenye kundi la ukoo, "mnaona haya?" Kengele haikulia popote, mtoto alijua saa tatu usiku baba yake alipompigia. Na stetasi yenyewe kesho yake ikapotea kama kawaida, iliyobaki ni ile ya kundi, siku nne, mjomba wa Mwanza anaikoment, mwisho hata shangazi alipolainika akataka kuifuta kwa wote muda wa WhatsApp ulikuwa umeshapita maana ni siku mbili na kidogo, ikabidi tumuombe admini. Kwa hiyo aliyesambaza picha ya mtoto ni sisi watu wazima, sio yule kaka, sio wahuni wa mtandaoni.

Hii ilikuwa picha ya ufukweni. Ingekuwa ya utupu je? Nawaambia wazazi bila kupepesa, hiyo usiipige, usimrushie hata baba yake "aone mwenyewe", maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa Tanzania inakataza kuzisambaza picha za ngono za watoto. Kama kuna mtu anamtishia mtoto nayo piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, Kenya namba ni hiyo hiyo. Kuna pia huduma ya mtandaoni inaitwa Take It Down, ya 2023, mtoto anaichagua picha kwenye simu yake, inatengenezwa alama kama ya kidole halafu picha inabaki kwake, Facebook na Instagram wanaitafuta kwa hiyo alama wanaiondoa. Watoto wengi wanaofika huko walikuwa wanaiamini ile kengele kuliko hata wazazi, "nimemtumia, akisevu si nitajua." Alijua, ndio, na yule jamaa alikuwa anayo tayari.

Usimamizi wa mzazi upo lakini sio ule wanaoutaka. Snapchat wana Family Center tangu 2022, Instagram wana ya kwao, mzazi anaona mtoto kaongea na nani ndani ya siku 7, walichoongea haoni. Nikisema hivyo ukumbini wanaguna. Mimi naona yanatosha kabisa hayo majina, ukikuta jina hulijui unauliza mezani huyu ni nani, kuliko kuvizia stetasi usiku na laini ya pili.

Mpwa wangu siku hizi anaweka mistari ya nyimbo na sahani za chipsi. Shangazi kafichwa laini zote mbili, mimi sasa naziona, juzi kaweka yuko na yule yule kaka wanakula mishkaki, nikaangalia nikapita.