Karanga iliyojificha kwenye uji

Mzazi wa mtoto ninayemchunguza mzio (aleji) wa karanga akiniambia mwanawe hajawahi kula karanga, siandiki hilo kwenye faili kabla ya kuuliza uji wake unapikwa kwa unga gani. Nikijibiwa "unga wa lishe, daktari," naomba tuuhesabu mchanganyiko kimoja kimoja: mahindi, ulezi, mchele, soya, na hapo karanga inajitokeza. Halafu nauliza kuhusu kisamvu, mlenda na mchicha. Bibi mmoja aliyekuwa akilea mjukuu mwenye mzio aliniambia, "Mwanangu, mimi karanga simpi kabisa, natia kijiko kimoja tu kwenye mboga." Nilimjibu, "Bibi yangu, hicho kijiko ndicho kinachomdhuru."

Ushauri wa vitabu vingi ni kusoma lebo. Biskuti, chokoleti na aiskrimu za dukani someni, kila mnaponunua, maana viwanda hubadilisha viungo. Lakini kisamvu cha mama ntilie hakina lebo, wala kashata ya kwenye sinia. Kwetu kinga kubwa ni kumuuliza aliyepika, na kumuuliza vizuri. Ukisema "kuna karanga?" atafikiri unatafuta karanga nzima. Uliza mboga imeungwa kwa nini.

Hatari ambayo wazazi wengi hawaijui iko kwenye mashine ya kusaga. Mteja aliyekutangulia akisaga unga wenye karanga, unga unaofuata, wako wa mahindi matupu, hutoka na mabaki yake. Kinu cha nyumbani ni hivyohivyo, na mafuta yaliyokaangia karanga pia. Nyumba yenye mtoto mwenye mzio mkali iwe na kinu chake, na nafaka za mtoto zisagwe kwenye mashine isiyosagiwa karanga. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Dawa ya kusafishia mikono isiyohitaji maji haiondoi protini ya karanga.

Protini hiyo ndiyo kiini cha tatizo. Mwili wa mwenye mzio huichukulia kama adui na kuitengenezea kingamwili aina ya IgE, ambazo hukaa juu ya seli zilizojaa histamini na kemikali nyingine. Protini ikirudi, hata kidogo sana, seli hizo humwaga vyote kwa dakika chache. Kukaanga hakuiui, karanga iliyokaangwa huamsha mzio kuliko iliyochemshwa, ingawa hata ya kuchemsha mwenye mzio asile. Harufu peke yake kwa kawaida haileti shambulio kali.

Sasa dalili, na hapa naomba msome polepole. Huanza mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka yanayowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo pitisha kiganja mgongoni na tumboni, utahisi uvimbe. Mtoto akianza kukohoa mfululizo, kupumua kwa mluzi, sauti ikikwaruza, au akilegea na kuwa baridi, huo ni mshtuko wa mzio, anafilaksia, hata kama ngozi yake haina kitu.

Dawa yake ni moja: adrenalini, ichomwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mara moja. Kidonge cha aleji hutuliza muwasho. Hakifungui koo lililovimba wala hakipandishi presha iliyoshuka. Maziwa na mkaa havisaidii. Nasisitiza hili kwa sababu muda unaopotea kusubiri kidonge kifanye kazi ndio unaoua. Sindano za kujichoma zenye dozi tayari ni adimu na ghali kwetu, lakini adrenalini ya kichupa, miligramu 1 kwa mililita 1, ni dawa ya bei nafuu iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dozi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 anapata mililita 0.15, na hurudiwa baada ya dakika 5 hivi kama hali haijatulia. Nenda mapema, mtoto akiwa mzima, kwenye zahanati iliyo karibu nawe na uulize kama wanayo. Mkiweza kupata ya kuweka nyumbani, daktari wako akufundishe kuvuta dozi kwenye bomba la sindano na akuandikie alama yake.

Wakati wa shambulio mlaze mtoto chali, miguu juu. Akihema kwa shida mwache akae. Asisimamishwe wala kutembezwa. Akipata nafuu bado apelekwe hospitali, kwa sababu shambulio linaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kina mama huniuliza kuhusu mtoto anayefuata: wamnyime karanga? Hapana. Zamani sisi madaktari tulishauri kuchelewesha, na tulikosea. Utafiti wa Gideon Lack na wenzake jijini London, uliotoka mwaka 2015, ulifuatilia watoto wachanga 640 wenye hatari kubwa ya mzio. Waliolishwa karanga mapema walipata mzio pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa. Mtoto akianza kula, karibu na miezi 6, karanga laini iliyochanganywa kwenye uji inamfaa, na iendelee kila wiki. Nzima asipewe kabla ya miaka mitano, itamkaba. Zenye ukungu zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Kama ana pumu ya ngozi kali au mzio wa yai, mlete kwanza tumpime.

Kipimo cha ngozi au cha damu kikionyesha IgE, hakimaanishi moja kwa moja kwamba ana mzio. Historia ya alichokula na kilichotokea ndiyo inayoamua. Takriban mtoto mmoja kati ya watano hupona akikua. Kujua kama wako ni mmojawapo kunafanyika hospitalini, kwa kumlisha kidogokidogo huku adrenalini ikiwa mezani. Msijaribu nyumbani.